Mgeni Aliyekaa

Uvira, Jumapili, 8 Septemba 1996

Mvua ya kwanza imeanguka leo katikati ya misa. Ilipiga bati kwa nguvu hata padri akaacha kuhubiri, akaketi, akangoja imalize. Sisi watu wa uwanda wa Ruzizi, siku ya mvua ya kwanza ni siku ya kutafuta jembe. Mimi nilizaliwa Mutarule lakini shamba sina tena, nina vitabu. Basi nitaandika. Mwaka huu habari zinakwenda mbio, na redio ya asubuhi inakanusha redio ya jana. Nataka mahali pamoja ambapo jambo likishaandikwa halibadiliki.

Kazi yangu ni kufundisha Agano la Kale kwenye kituo cha makatekista. Tangu mwaka jana nina kazi nyingine pamoja na Pasta Nzeyimana. Kamati ya Wakatoliki na Waprotestanti imetupa kitabu cha nabii Yeremia tukiandikie maelezo, kwa Kiswahili ambacho mkulima ataelewa bila kuita mtu. Nzeyimana anajua Kiebrania kuliko mimi. Mimi najua Kiswahili kuliko yeye, ingawa hakubali. Tunakaa meza moja katika bibliotheke ya kituo, kati ya rafu za vitabu, dirisha likitazama ziwa.

Jumanne, 10 Septemba

Tumekwama kwenye neno moja. Nabii amesimama mlangoni mwa hekalu, anawaonya watu wasimwonee yatima, wala mjane, wala mtu ambaye Kiebrania kinamwita *ger*. Tafsiri zote tulizo nazo zinasema mgeni.

Nzeyimana alivua miwani. "Mama Bernardine, mugeni ni nani? Unamupa kiti, unamupikia kuku, kesho kutwa anarudi kwao. *Ger* harudi. Iko na shamba, iko na ng'ombe, iko na makaburi ya babu zake. Lakini kila vita ikianza wanamuuliza, weye ulitoka wapi?"

"Tuandike nini sasa?"

"Sijui. Ndiyo maana nimevua miwani."

Nilicheka. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani Nyamianda ndipo nilipokumbuka kwamba yeye hakucheka. Yeye amezaliwa Mulenge, kule juu milimani, na baba yake, na baba wa baba yake.

Alhamisi, 12 Septemba

Redio inasema watu wenye silaha wamevuka Ruzizi na kupanda milimani. Sokoni leo kila mfugaji anayeshuka kutoka juu ameitwa adui, hata yule mzee anayeniuzia maziwa. Aliuza nusu, akabeba nusu akarudi.

Jumamosi, 14 Septemba

Félicien Masumbuko amekuja kunisalimu. Kati ya wote niliowafundisha hakuna aliyekuwa na masikio kama yake. Ni wa Mutarule pia. Mama yake na mama yangu walipalilia mihogo pamoja. Sasa anaongoza kikundi cha sala cha vijana, na watu wanamfuata, maana sauti yake inamfanya hata kiziwi ageuke.

Aliniuliza habari ya chungu: yale maono ya mwanzo kabisa, nabii anapoona chungu kinachochemka, mdomo wake ukiinama kutoka kaskazini, na kuambiwa kwamba mabaya yatamwagikia nchi kutoka upande huo. Nilimweleza kwa saa nzima. Nilimpa hata kurasa zetu akasome. Aliponiaga alisema, "Mwalimu, weye ulinifungulia macho." Niliingia ndani nikiwa na furaha ya mwalimu, ambayo naijua kuwa ni furaha ya kujipenda.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua. Umeme hakuna.

Jumapili, 22 Septemba

Mchana kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa mpira. Wakubwa wawili wa serikali walisema maneno yao, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha wakampa Félicien nafasi ya kusali.

Hakusali. Alisimulia chungu. Alikisimulia vizuri, kwa maneno yangu mwenyewe, hata mahali ninapopumzika naye alipumzika. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, upande wa uwanda, Kiliba na Luvungi, na uwanja wote ukageuza shingo. "Chungu iko inakuja," alisema. "Lakini watoto wa chungu wamekwisha kulala ndani ya nyumba zetu. Wanakunywa maji yetu. Wanafundisha katika makanisa yetu."

Hakuna aliyepiga makofi. Karibu nami mwanamke mmoja alianza kutaja majina ya majirani zake, polepole, kama anayesali rozari.

Nilimkuta nyuma ya jukwaa. "Félicien, umesoma mstari wa kumi na nne ukaacha wa kumi na sita. Hukumu ile ni juu ya watu wa nabii mwenyewe, kwa uovu wao wenyewe. Chungu hakimpi mtu ruhusa ya kumpiga jirani."

Alinitazama kwa heshima yake ileile ya darasani. "Mwalimu, watu hawana muda wa mstari wa kumi na sita."

Jumanne, 24 Septemba

Nzeyimana amekuja kazini. Hatukuzungumza habari ya uwanja. Tulifanya sura nzima bila kubishana hata mara moja, na hilo halijawahi kutokea.

Jumatatu, 30 Septemba

Nyumba ya Nzeyimana imepigwa mawe tangu jana jioni. Bati limetoboka, mvua inaingia kitandani. Mke wake Furaha amesafisha vioo vilivyovunjika, akaniambia kwa utulivu kwamba waliorusha anawajua wote. Aliwafundisha nyimbo za Noeli.

Polisi walikuja, wakatazama, wakamtaka Nzeyimana aonyeshe karatasi za uraia.

Jumatano, 2 Oktoba

Tumemaliza lile neno. Nzeyimana alikuja ameloa, akaketi, na kabla sijamsalimu akasema, "Mugeni aliyekaa."

Nilirudia kwa sauti. Mgeni aliyekaa. Msimwonee yatima, wala mjane, wala mgeni aliyekaa. Nilisema ni refu kidogo.

"Nimekaa siku nyingi," alisema. "Linaweza kuwa refu."

Tukaliandika.

Jumanne, 8 Oktoba

Redio imetangaza kwamba watu wote wa milimani wanaoitwa Banyamulenge waondoke nchini katika juma moja, na atakayebaki atahesabiwa kuwa mwasi. Niliisikiliza nikiwa nimeshika kijiko. Waende wapi? Mtangazaji hakusema. Baada ya tangazo waliweka muziki.

Saa sita mchana, mvua ikiwa kali hata jirani haonekani, Nzeyimana na Furaha waliingia kwa mlango wa jikoni. Yeye alibeba kamusi ya Kiebrania ndani ya nailoni, Furaha alibeba sufuria na blanketi. Nzeyimana alitaka kuniomba kwa maneno marefu, kama mtu anayehutubia kamati. Furaha alimkatiza. "Mama Bernardine, hatuna kwa kwenda."

Nimewapa chumba cha nyuma. Ninaishi peke yangu, na sasa ndipo ninapoona kwamba mtu anayeishi peke yake hawezi kuficha hata sahani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku mbaya, ingawa hakuna kilichotokea.

Félicien alikuja asubuhi, peke yake, kitambaa chekundu kimefungwa mkononi. Vijana wa bariyeri, wale wanaofunga barabara na kukagua wapitao, wote wanakivaa. Alikataa kuketi. Alisimama sebuleni akitazama kalenda, picha ya marehemu mama yangu, pazia la chumba cha nyuma.

"Watu wanasema Mwalimu siku hizi unapika sufuria kubwa."

"Nina njaa."

"Minye nawaambia, Mwalimu ni mutu wa Mungu, mumuache." Alikuwa bado anatazama pazia. "Lakini Mwalimu, unasema Kirundi, inafanana na lugha ya watu wa juu. Mutu wa uwanda, pua yako, lugha yako, wanaanza kuuliza. Kesho kutwa watakuja wengine, si minye."

"Na wewe ukija, utafanya nini?"

Alikaza fundo la kitambaa chake, akatoka. Alipokwenda nilikaa chini sakafuni. Mpaka sasa sijui kama alikuja kunitisha au kunionya, na nafikiri yeye mwenyewe hajui. Zamani nilidhani namsoma kama ukurasa.

Baadaye nilikwenda kwa Papa Ayoubu, jirani wa nyumba ya tatu, mfanyabiashara wa vitambaa. Ana boti ya mota inayokwenda Rumonge, ng'ambo ya Burundi. Huko nako kuna vita, lakini hawawindi watu hawa. Sikuwa nimemaliza kueleza.

"Babu yangu alikuja hapa na misafara ya ziwa," alisema. "Sisi pia tumeulizwa tulitoka wapi. Kesho Ijumaa. Saa ya sala watu wa bariyeri wananijua, wananipisha. Utavaa mutandio, na mama atavaa buibui ya bibi yangu, mama wa watoto. Pasta nitamupa kanzu."

"Na akiulizwa sala ya Waislamu?"

"Namuomba Mungu wasimuulize."

Ijumaa, 11 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu, maana nikiandika ovyo sitamaliza.

Tuliondoka mchana katika kamioneti ya Papa Ayoubu. Nzeyimana mbele, kando ya Papa Ayoubu aliyeendesha, kanzu nyeupe na kofia, miwani ameivua. Mimi na Furaha nyuma, juu ya marobota ya vitambaa, chini ya turubai, maana kulikuwa na manyunyu. Furaha hakuonekana ila macho. Kwenye bariyeri ya kwanza walimsalimu Ayoubu, wakatupisha.

Ya pili iko kabla ya kufika bandari ya Kalundu. Hapo, katika tundu la turubai, nilimwona Félicien amekaa juu ya kasha la bia, akisoma Agano Jipya. Vijana waliizunguka gari. Mmoja, mrefu, ana panga, alimtazama Nzeyimana, akamvua kofia taratibu kwa ncha ya panga.

"Huyu nani?"

"Mugeni wangu," alisema Papa Ayoubu. "Ametoka Kigoma."

"Mugeni." Yule mrefu aligeuka. "Félicien, weye unajua mapasta wote. Huyu si yule wa kanisa ya huko juu?"

Félicien alifunga kitabu. Alikuja, akamtazama Nzeyimana, kisha akanyanyua ncha ya turubai. Akaniona. Akamwona Furaha. Félicien huyo amekula kwa Furaha. Alipokuwa mwanafunzi nilimtuma kwao kuchukua vitabu, wakampa chakula zaidi ya mara moja. Macho yake yalikaa juu ya macho ya Furaha muda wa kutosha kumtambua. Alishusha turubai.

"Félicien," mrefu alirudia mbele ya wote. "Ni yeye ao si yeye?"

Nilisikia mvua kidogo juu ya turubai. Kisha nikasikia sauti yake, ile nzuri, ikiwa ndogo sana.

"Ndiyo. Ni Nzeyimana."

Walifungua mlango. Hakuvutwa, alishuka mwenyewe. Mtu akauliza, na hao wanawake? Nzeyimana ndiye aliyejibu, haraka, kwa sauti ya kazini. "Yule ni bibi mudogo wa huyu muzee. Simujui. Nililipa nafasi mbele, basi."

"Bibi yangu, ndiyo," alisema Papa Ayoubu. "Na ule mwingine ni mwalimu wa Wakatoliki, munamujua."

Furaha alikuwa amenishika goti. Kucha zake ziliingia. Hakutoa sauti, na mimi nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, asitoe. Gari iliondoka. Katika tundu lile nilimwona Nzeyimana akitembea katikati yao kuelekea kwenye matete, kanzu ikiwa ndefu mno kwake, akiinyanyua mbele kwa mikono miwili isiburuzike kwenye matope.

Bandarini kulikuwa na askari wengi kwenye boti. Papa Ayoubu hakusimama hata. Alizunguka kwa njia ya juu, akaturudisha Nyamianda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sina maneno.

Jumatatu, 14 Oktoba

Furaha hali. Ananyoosha blanketi, anakunja, ananyoosha.

Jumatano, 16 Oktoba

Papa Ayoubu amekwenda kuuliza kwenye bariyeri. Aliambiwa hapana pasta aliyepita pale.

Nimejaribu kufungua Yeremia. Nimeona kurasa zetu, mwandiko wake pembeni, nikafunga. Watu wa vitabu tunaambizana kwamba neno likieleweka sawasawa mtu atatenda sawasawa. Félicien alilielewa. Alipata alama ya kwanza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mizinga, mbali, upande wa uwanda. Watu wanasema ni ngurumo. Wengine wanatamani iwe ngurumo.

Jumapili, 20 Oktoba

Si ngurumo. Barabara ya kutoka Kiliba imejaa wakimbizi wa makambi ya uwanda, Warundi na Wanyarwanda, maelfu, magodoro kichwani, mbuzi, wagonjwa katika mikokoteni. Misa haikuwepo. Padri alisimama mlangoni akiwagawia maji mpaka yakaisha.

Chungu kinamwagika kweli, na wale waliokihubiri ndio wa kwanza kufunga mizigo.

Jumanne, 22 Oktoba

Askari wa serikali wanapora kabla ya kukimbia. Wamechukua redio yangu. Furaha alikuwa chini ya kitanda. Askari aliketi juu ya kitanda hicho kujaribu viatu vya marehemu baba yangu, vikamkataa, akavitupa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mji umechukuliwa na waasi. Risasi toka alfajiri, kisha kimya, kisha nyimbo za askari kwa lugha ya Furaha. Alisimama dirishani akisikiliza. Nilitegemea nione furaha usoni pake, hata kidogo. Alisema tu, "Wamechelewa."

Ijumaa, 25 Oktoba

Asubuhi mtu aligonga mlango wa jikoni. Félicien. Hana kitambaa mkononi, shati limechanika, mguu mmoja hauna kiatu. Wenzake wamekimbilia kusini, Makobola. Yeye alikatiwa njia. Barabarani watu walewale waliosimama naye uwanjani wanawaonyesha askari nyumba za vijana wa bariyeri.

Alipiga magoti kwenye majivu ya jiko. "Mwalimu, nifiche."

Nilikuwa na kisu cha vitunguu mkononi, na nilikitazama. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifungua mdomo nimwambie aende, na pazia likafunguka.

Furaha hakuwa amevaa mtandio. Alimtazama kwa muda mrefu. Félicien aliweka paji la uso chini.

"Inuka," alisema Furaha. "Mulimuweka wapi?"

"Mama, minye sikumugusa."

"Ulitaja jina lake."

"Waliniuliza mbele ya wote." Alilia. "Na mama nilikuona. Nilikuona chini ya turubai. Nilinyamaza."

"Najua. Nimeuliza, mulimuweka wapi?"

Alisema ni kwenye matete, karibu na mdomo wa mto. Aliwafuata mpaka pale. Hakuweza kuondoka, alisema, wala kuwazuia. Wao walipokwenda, alimwekea mchanga juu kwa mikono yake.

Furaha alinigeukia. "Aingie. Akiuawa leo, nani atanionyesha?"

Mchana askari watatu walikuja kukagua. Furaha alitoka mlangoni, akawasalimu kwa lugha yao, akasema ndani ni yeye na dada yake. Walimpa pole, wakapita. Félicien alikuwa chini ya kitanda kilekile.

Jumamosi, 26 Oktoba

Watatu nyumba moja. Félicien anakula akiwa amegeukia ukuta. Jana na leo nimemtafuta mwanafunzi wangu katika uso ule, nimemwona, na kumwona kumenitaabisha zaidi kuliko kama nisingemwona.

Jumapili, 27 Oktoba

Papa Ayoubu alitupa sanda na sepetu, akafuatana nasi. Tulikwenda asubuhi, mvua ndogo. Félicien alitangulia na sepetu begani, kofia imeshushwa, kama kibarua.

Alijua mahali bila kutafuta. Alichimba. Karibu na mwisho aliweka sepetu kando, akatumia mikono, polepole, ili asimwumize. Kanzu ya Papa Ayoubu ndiyo tuliyoitambua kwanza. Sitaandika mengine. Furaha alimwosha uso kwa maji ya ziwa. Tulimpandisha mahali pa juu ambapo mto haufiki, na Félicien akachimba tena, kina cha kutosha safari hii. Papa Ayoubu alisali kwa namna yake, mimi kwa yangu. Furaha alisema jina la mume wake, jina la baba yake, jina la babu yake, na la Mulenge. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake.

Wakati wa kurudi, darajani, mwanamke mmoja alinyoosha kidole. Ni yule aliyekuwa akitaja majina uwanjani. "Huyu. Huyu alihubiri." Askari walimfunga Félicien mikono nyuma, wakamtupa kwenye gari. Hakupinga. Alimtazama Furaha mara moja, kisha akatazama chini.

Furaha alimshika askari mkono. "Munamupeleka wapi?"

"Mama, nenda nyumbani," alisema askari, na sauti yake ilikuwa ileile ya vijana wa bariyeri, ya mtu anayefanya kazi iliyokwisha kuamuliwa.

Papa Ayoubu alisema basi, imetosha. Furaha alikuwa amekwisha kuanza kutembea nyuma ya gari, na mimi nikamfuata. Viatu vyetu vilikuwa vimejaa udongo wa kaburi. Tulifika kwenye ghala ambalo askari wamelifanya ofisi. Waliosimama mlangoni walitufukuza. Tulikaa chini barabarani, mbele ya geti. Walitufukuza tena, tukakaa tena.

Ndipo kijana mmoja mwenye bunduki na redio ya mkononi alitoka, akasimama ghafla.

"Masenge," alisema. Shangazi.

Alikuwa Arakaza, mtoto wa kaka yake Furaha. Aliondoka milimani miaka mitatu iliyopita, na hawakujua kama yuko hai. Alipiga magoti kwenye matope na bunduki yake, akamkumbatia. Furaha alimshika kichwa. Kisha akasema, "Ule kijana mumeleta sasa hivi. Ni mutu wangu. Amenifanyia kazi tangu asubuhi. Mumuache."

"Wanasema alikuwa bariyeri."

"Nakuomba kitu kimoja tangu umezaliwa."

Arakaza aliingia. Tulisikia mabishano, kisha kicheko cha mtu, kisha kimya kirefu sana. Nilikuwa nimeacha kutumaini. Geti lilifunguka, Félicien akatoka, damu mdomoni, mikono imefunguliwa. Alisimama mbele yetu akitaka kusema neno.

"Nenda," alisema Furaha. "Usikimbie. Tembea."

Alianza kutembea kuelekea kusini, pembeni mwa barabara, mguu mmoja ukichechemea.

Arakaza alirudi, akaketi kando yetu juu ya jiwe. Alikuwa mtoto tena kidogo. "Masenge, na pasta? Iko wapi? Nataka kumusalimia."

"Tumemuzika leo."

Nilitazama mikono yake ikiitafuta bunduki, ikaipata. Aliposema tena, sauti ilikuwa imebadilika.

"Nani alimuua?"

Félicien alikuwa bado anaonekana. Alikuwa hajafika kwenye kona ya miti ya mikalitusi, na risasi ingemfikia bila shida. Mimi ni mwalimu wa amri za Mungu. Nilijua jibu, nilijua jina. Furaha hakuniangalia. Alitazama barabara, mgongo ule unaochechemea, mpaka ukageuka kona na barabara ikabaki tupu.

"Sijui," akasema.